Nani Muundaji wa Mashua?

Hakuna neno fupi lipendwalo na mwanadamu kuliko neno "changu". Mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu, na mzee hufa nalo mdomoni. Lakini neno hili lina maana zaidi ya moja. Kitu huwa changu kwa kununua, huwa changu kwa kurithi, na huwa changu kwa kupewa. Juu ya njia hizi tatu iko ya nne ambayo watu huiheshimu kuliko zote: kitu huwa changu kwa sababu mikono yangu ndiyo iliyokifanya. Aliyenunua kiti hujivunia fedha zake. Aliyechonga kiti hujivunia nafsi yake. Katika insha hii nataka, msomaji, tuipime njia hiyo ya nne, tuone ni wakati gani mtu ana haki ya kusema, "Hiki nimekiunda mimi." Swali laonekana jepesi, lakini si jepesi, na jibu lake lakuhusu wewe uliye darasani kama linavyomhusu seremala aliye katika karakana yake.

Swali gumu hufahamika vyema likiwekewa mfano. Mfano nilioutwaa ni wa mashua ndogo ya mbao iuzwayo ikiwa vipande ndani ya kasha, ili mnunuzi aiunge mwenyewe nyumbani kwake. Mashua za namna hii ziko nyingi duniani, lakini iliyo mashuhuri ni ile iitwayo Mirror. Ilibuniwa Uingereza mwaka 1962 na watu wawili. Mmoja alikuwa Jack Holt, mbunifu wa mashua ndogo za matanga. Wa pili alikuwa Barry Bucknell, aliyekuwa akiwafundisha watazamaji wa televisheni kazi za mikono za nyumbani. Gazeti la Daily Mirror, ambalo wasomaji wake wengi walikuwa wafanyakazi wa kawaida, ndilo lililoieneza, na jina la mashua likatokana na jina la gazeti. Shabaha ilikuwa kuutoa mchezo wa matanga katika mikono ya matajiri peke yao, na kuuweka mahali ambapo mtu wa mshahara wa kadiri angeweza kuufikia. Bei ya kasha hapo mwanzo ilikuwa pauni 63 na shilingi 11. Mashua ikiisha kuundwa ilikuwa na urefu wa mita 3.3 na upana wa karibu mita 1.4, na mwili wake ulikuwa na uzito wa kilo 45 na kidogo, hata watu wawili waliweza kuuinua. Matanga yake yalikuwa mekundu. Tangu siku hizo zimeundwa mashua zaidi ya 70,000 za aina hiyo, na wengi wa walioziunda walikuwa watu wa kazi nyingine kabisa, ambao hawakupata kuunda chombo cha majini kabla ya hapo.

Yafaa nieleze jinsi inavyoundwa, maana hoja yetu yote itasimama juu ya maelezo hayo. Vyombo vingi vya mbao huwa na mkuku, na umbo la chombo hushikwa na mataruma. Kazi hiyo yataka tezo, jicho kali na miaka ya kujifunza. Mashua ya vipande haina mataruma ya namna hiyo. Mbao zake ni bapa za plaiwudi zilizokwisha kukatwa kwa kipimo, na kandokando ya kila ubao hupita safu ya matundu madogo. Muundaji huzilaza mbao mbili za chini, moja juu ya nyingine, akazishona kwa vipande vya waya wa shaba katika upande utakaokuwa uti wa mashua. Kisha huzifungua kama mtu afunguavyo kitabu. Huzishonea mbao za ubavuni, akaweka ubao wa omo na ubao wa tezi, akazikaza nyaya kwa koleo. Hapo hutokea jambo la kupendeza: mbao zilizokuwa bapa kama meza hujipinda na kupata tumbo la chombo. Mishono hufunikwa kwa ndani kwa utepe wa nyuzi za kioo uliolowekwa katika gundi kali. Gundi ikishika, mashua hupinduliwa, ncha za waya zilizo nje hukatwa na kupigwa msasa, na mshono hufunikwa kwa nje pia. Tangu hapo waya hauna kazi kubwa. Utepe na gundi ndivyo vinavyozishika mbao.

Sasa mtu amemaliza. Mashua imepakwa rangi, imesimama uani, na jirani apita akauliza, "Nani ameiunda?" Mwenyewe ajibu, "Mimi." Je, amesema kweli?

Na tumsikilize kwanza yule asemaye kwamba hakusema kweli. Hoja yake ni hii. Umbo la mashua halikutoka katika kichwa cha mtu yule. Lilikuwamo katika mbao tangu zilipokatwa. Ukingo wa ubao uliopindwa kiasi fulani, ukishonwa na ukingo wa mwenzake, hauwezi kuzaa umbo jingine ila lile lililokusudiwa. Mshona kanzu akipewa vitambaa vilivyokwisha kukatwa na fundi mwingine, hawezi kujisifu kwamba yeye ndiye aliyejua kipimo cha mabega. Hata mlingoti ulifikiriwa na wengine: wabunifu waliufanya mfupi, na kuuwekea mti wa pili wa kuinuliwa pamoja na tanga, ili miti yote iweze kulazwa ndani ya mashua wakati wa kuichukua barabarani. Mwenye kasha hakuyafikiri hayo hata kidogo. Tena, ikiwa watu maelfu kwa maelfu wametoa kitu kilekile kwa kufuata karatasi ileile ya maelezo, kazi hiyo ni ya karatasi, na mikono ya watu ni vyombo tu vya karatasi. Basi mtu yule, asema mpinzani wetu, ameunganisha, hakuunda.

Hoja hii ina nguvu, wala si adabu kuipuuza. Lakini itazame tena. Inatueleza vizuri mambo yaliyokuwamo ndani ya kasha, haituelezi yaliyokosekana. Lichukue kasha lote, pamoja na mbao, waya, gundi na karatasi ya maelezo, ulitupe baharini. Utapata mbao zinazoelea kila kimoja upande wake. Kati ya vipande na mashua pana pengo, na pengo hilo halizibwi na mbunifu wala na kiwanda. Likizibwa vibaya, ubora wote wa mbunifu huwa kazi bure.

Tazama mambo matatu tu kati ya mengi yaliyomo katika pengo hilo. La kwanza ni gundi. Gundi hiyo huchanganywa na dawa ya kuigandisha. Dawa ikiwa haba, gundi hubaki mbichi na utepe haushiki. Ikizidi, gundi huganda kabla mtu hajamaliza kuipaka. Chumba kikiwa na baridi hukawia, kikiwa na joto huharakisha. Karatasi yaweza kutaja kipimo, lakini haiwezi kuugusa ukuta na kujua kwamba leo asubuhi pana baridi kuliko jana. La pili ni unyofu. Kabla mishono haijafunikwa, mashua bado ni laini. Hupindika kwa kuegemea kidogo upande mmoja. Muundaji mwangalifu huvuta uzi toka katikati ya omo mpaka pembe moja ya tezi, kisha mpaka pembe ya pili, akahakikisha kwamba nyuzi mbili zalingana. Mvivu hutazama kwa mbali akasema, "Yatosha." Gundi ikiisha kuganda juu ya kosa, kosa huwa la milele, na mashua hiyo itakwenda upogo maisha yake yote.

La tatu ndilo kubwa. Pembeni, mbele na nyuma mashua hii ina vyumba vya hewa vilivyozibwa. Kazi ya vyumba hivyo ni kuifanya ielee hata ikipinduka na kujaa maji, ili waliomo wapate kuishikilia, kuigeuza na kuendelea. Kabla vyumba havijafunikwa kwa mbao za juu, mishono ya ndani yake huonekana wazi. Vikiisha kufunikwa, haitaonekana tena na mtu yeyote. Jirani hataiona. Mnunuzi, mashua ikiuzwa, hataiona. Mpimaji wa mashindano, ajaye na kamba na mizani, atapima urefu na uzito, lakini macho yake hayatapenya ubao. Basi mtu yuko peke yake usiku katika banda lake, amechoka, na utepe wa chumba cha mwisho umebaki bila kukandamizwa vizuri. Aweza kufunika na kwenda kulala. Hakuna atakayejua mpaka siku ambayo upepo utakuwa mkali, na mtoto wa mtu atakuwa ameushika mwili wa mashua iliyopinduka, akingoja uelee.

Wala usidhani kwamba chombo kidogo hivi hakifiki mahali pa hatari. Mwalimu mmoja na mwandishi, A. J. Mackinnon, aliondoka Uingereza mwaka 1997 katika mashua ya Mirror, akafuata mito na mifereji, akavuka mlango wa bahari baina ya Uingereza na Ufaransa, na mwishowe akafika Bahari Nyeusi. Katika safari kama hiyo uhai wa mtu haushikwi na sifa ya mbunifu tu. Umeshikwa pia na mshono ambao mtu fulani, siku fulani, aliufunika vizuri au vibaya.

Hapa huenda msomaji wa pwani akaniuliza, "Kwa nini kuhangaika na makasha ya Uingereza, ilhali tunao mafundi wa kweli hapa kwetu?" Swali zuri, nalo litatusaidia. Katika kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, mafundi wameunda majahazi na mashua kwa vizazi vingi. Fundi wa namna hiyo hahitaji ramani iliyochorwa. Huupima mti kwa jicho, akajua kwamba tawi lile lililopinda lafaa kuwa taruma la mahali fulani. Huchonga kwa tezo, hutia kalafati baina ya mbao, na chombo hukua mbele yake kana kwamba alikuwa akikiona tangu mwanzo. Tukimweka fundi huyu kando ya mwenye kasha, tutasema upesi: huyu ndiye muundaji, na yule ni muunganishaji tu. Nami nakiri kwamba ustadi wa fundi umepita mbali ustadi wa mwenye kasha. Mmoja akipewa miti ataleta chombo. Mwingine akipewa miti ataleta kuni.

Lakini je, fundi naye hakupewa kitu? Jicho lile lilitoka wapi? Lilifunzwa na fundi mwingine, ambaye kwake alishika misumari na kuokota vipande vya mbao alipokuwa kijana. Na fundi yule alifunzwa na wa kabla yake. Lugha yetu yenyewe yashuhudia jambo hili, maana neno fundi lina udugu na funda, fundisha na mwanafunzi. Hakuna fundi aliyejizaa. Tofauti ni kwamba mwenye kasha alipokea urithi wake katika mbao na karatasi kwa siku moja, na fundi aliupokea katika mkono na jicho kwa miaka mingi.

Tukirudi nyuma zaidi twaona jambo lilelile. Zamani katika pwani yetu palikuwa na chombo kilichoitwa mtepe. Mbao zake hazikupigiliwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi zilizopitishwa katika matundu, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe ya mwisho ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, lakini asili yake ni ya kale mno. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, chataja mji wa biashara wa Rhapta katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na chasema kwamba jina la mji lilitokana na vyombo vyake vilivyoshonwa. Sasa mtazame Barry Bucknell akishona mbao kwa waya wa shaba karibu miaka elfu mbili baadaye. Sisemi kwamba alijifunza kwetu. Wala mishono yenyewe si sawa: kamba ya mtepe ndiyo iliyoushika mtepe siku zote, na ilipooza ilibidi kushonwa upya, bali waya wa mashua ya vipande hushika kwa muda tu, mpaka gundi ipokee kazi. Nasema tu kwamba hata wazo lionekanalo jipya kabisa huwa na wazee wake, wawe wanajulikana au hawajulikani. Tukisema kwamba muundaji ni yule tu ambaye hakupokea kitu kwa mtu mwingine, basi duniani hapajatokea muundaji hata mmoja. Hata mti hakuuotesha yeye.

Kwa hiyo kipimo tulichokitumia kilikuwa kibaya. Tuliuliza, "Mtu huyu ametoa kiasi gani mwenyewe, na amepokea kiasi gani?" Swali hilo halina mwisho, maana kila tupokeacho kilipokewa na aliyetupa. Na tuulize swali jingine: "Mtu huyu anadhaminia nini?" Yaani, kitu kikiharibika, ni sehemu gani ambayo yeye atasimama na kusema, hii ni juu yangu? Mbunifu hudhaminia umbo. Mashua iliyoundwa kwa usahihi ikishindwa kusimama majini, lawama ni yake. Kiwanda hudhaminia mbao na mikato yake. Muundaji wa nyumbani hudhaminia kila mshono, kila tone la gundi, unyofu wa mwili, na zaidi ya yote vile vyumba vya giza ambavyo hakuna atakayevichungulia. Kila mtu ni muundaji wa sehemu aliyokubali kuijibia, wala si zaidi ya hapo, wala si chini ya hapo.

Kwa kipimo hiki, yule aliyejibu "mimi" uani kwake aweza kuwa amesema kweli, na aweza kuwa amesema uongo, na mbao haziwezi kutuambia. Ikiwa alifunika mshono mbovu huku akijua, hakuunda mashua. Aliunda sura ya mashua, naye hana haki ya jina la muundaji hata kama kila ubao angeuchonga kwa tezo yake mwenyewe. Na ikiwa aliufungua mshono ule usiku ule, akautengeneza kwa taa, akalala akiwa amechelewa, basi jina hilo ni lake hata kama hakubuni hata pembe moja. Nchi kavu, asiyeziba ufa hujenga ukuta, kama wasemavyo wahenga. Majini, asiyeziba ufa hapati nafasi ya kujenga kitu.

Lakini haki ina pande mbili. Kama muundaji ana haki ya kusema "mimi", ana wajibu pia wa kumaliza sentensi yake. "Nimeiunda mimi, kwa ubunifu wa Holt na Bucknell." Maneno hayo machache hayampunguzii kitu. Yamweka mahali pake, na mahali pake ni pa heshima. Yamkumbusha pia mpaka wake: kwamba kasha moja halikumfanya kuwa mjuzi wa vyombo, na kwamba akitaka kuunda cha pili bila kasha hana budi kwenda kujifunza kwa wajuao. Mtu ajuaye mpaka wa ujuzi wake ni salama baharini na nchi kavu. Asiyeujua ni hatari kwake na kwa abiria wake.

Sasa nageuka kwako, msomaji kijana, maana hukukusudiwa kubaki mtazamaji. Wewe nawe umekabidhiwa kasha. Elimu ya shule huja ikiwa vipande vilivyokatwa na wengine. Kanuni ya pembetatu ya mraba haikubuniwa na mwalimu wako, wala hutaibuni wewe. Sarufi, ramani, tarehe za historia, majina ya sehemu za ua: vyote vimekatwa kwa kipimo na kupangwa katika vitabu. Wako wanafunzi wawili wanaokosea mbele ya kasha hili, kila mmoja kwa njia yake.

Wa kwanza hubaki na vipande. Huvikariri, huvipanga vizuri, huweza kuvitaja kimoja kimoja siku ya mtihani, lakini hajashona kipande na kipande. Ajua kanuni, hajui ni wakati gani inafaa. Ajua kwamba vita vilitokea mwaka fulani, hajui kwa nini. Huyu ana kasha zuri lililojaa, nalo halielei. Mtihani huweza kumpitisha, kama mpimaji wa mashindano awezavyo kuipitisha mashua yenye chumba kinachovuja. Lakini mtihani si bahari.

Wa pili huchukua mashua ya mwenzake, akafuta jina lililomo, akaandika lake. Hunakili insha, huiba hesabu iliyokwisha kukokotolewa, au hufanyiwa kazi na mtu au na mashine, akaileta kana kwamba ni yake. Akiulizwa hujitetea kwa hoja nzuri ya kutisha: "Kwani kuna mtu asiyepokea kwa wengine? Kila kitu kilitoka kwa mtu." Ndiyo, kila kitu kilitoka kwa mtu, lakini angalia tofauti baina yake na muundaji wa nyumbani. Muundaji hamfichi mbunifu, na tena anadhaminia mishono yake. Huyu amemficha mwenye kazi, na hana anachokidhaminia. Mwulize kwa nini aliandika neno hili mahali hapa, hawezi kujibu, kwa sababu hakuwapo neno lilipowekwa. Kosa lake si kupokea. Kosa lake ni kudai jibu la swali ambalo hawezi kulijibia.

Iko hatari ya tatu, nayo huwashika vijana wenye akili. Ni kiburi cha kutaka kubuni kila kitu upya. Kijana huyu hutamani kusifiwa kwamba hakufundishwa na mtu. Hukataa karatasi ya maelezo, akashona mbao apendavyo, na mashua yake ikizama husema kwamba bahari ilikuwa mbaya. Kupokea kwa adabu si utumwa. Aliyepokea vipande akavishona kwa uangalifu atafahamu, mshono kwa mshono, kwa nini mbunifu aliukata ubao hivi na si hivi. Na katika kufahamu huko ndimo hutoka mbunifu wa kesho. Hata Bucknell asingeweza kufikiri juu ya kushona mbao kama hakuzijua kwanza njia za zamani za kuziunga na shida zake kwa mtu asiye seremala.

Nimeuliza tangu mwanzo, nani muundaji wa mashua? Jibu nililolifikia ni kwamba waundaji ni wengi, na kila mmoja ana sehemu yake. Bali yuko mmoja ambaye sehemu yake haionekani, na kwa hiyo ni rahisi zaidi kuihini. Ni yule aliyeshika utepe wa mwisho kabla chumba hakijafunikwa. Kazi zako nyingi maishani zitakuwa za namna hiyo. Utakuwa muuguzi ukipima dawa ambayo mgonjwa hawezi kuipima. Utakuwa karani ukiandika hesabu ambazo mwenye fedha hatazisoma. Utakuwa mwashi ukichanganya saruji ambayo itafunikwa kwa lipu. Vipande utakuwa umepewa na wengine, na sifa ya ubunifu itakwenda kwa wengine. Usisononeke kwa hilo. Uliza tu, kabla hujafunika, kama mshono umeshika. Ukiweza kulijibu swali hilo kwa haki, basi mtu akipita na kuuliza nani ameifanya kazi hii, sema "mimi," uwataje na wenzako, na usione haya.